Kinga ya Ubongo na Dawa za Miti

Kitenzi kukinga kina maana mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza zapingana. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli, yaani huizuia isimpate. Tena hukinga mvua kwa mtungi, yaani huipokea isipotee. Katika nomino kinga maana ya pili imefifia, ikabaki ile ya kuzuia. Waganga walilitumia neno hilo kwa hirizi na mazindiko, na madaktari nao wakalitwaa kutaja nguvu ya mwili ya kupambana na maradhi. Basi mtu wa Mandewa, katika Manispaa ya Singida, asikiapo kwamba unga wa mlonge au wa manjano huongeza kinga, huelewa mara moja: kinga ni boma, na boma likizidi unene usalama nao huzidi.

Kwa habari ya ubongo, maelezo hayo yapotosha.

Ubongo una walinzi wake, nao ni chembe ziitwazo maikroglia. Mtaalamu wa Hispania, Pío del Río-Hortega, alizipambanua mwaka 1919 kwa kuzitia rangi iliyotengenezwa kwa fedha, akazipa jina lenye asili ya Kiyunani ambalo maana yake ni gundi ndogo. Kwani hapo kale chembe za ubongo zisizo za neva zilidhaniwa kuwa gundi tu ya kushikanisha nyingine. Jina hilo halifai, walakini limedumu. Mwaka 2005, katika ubongo wa panya walio hai, ilionekana kwamba chembe hizo hazitulii hata kidogo: hunyoosha matawi yake na kuyakunja, zikipapasa kila kilicho jirani. Zikikuta bakteria au chembe iliyokufa hubadili umbo, huimeza, na kutoa saitokini pamoja na naitriki oksaidi. Silaha hizo hazichagui adui. Zikitolewa kwa muda mrefu huziumiza chembe za neva zenyewe, na hali ya namna hiyo huonekana katika maradhi ya Alzheimer na ya Parkinson. Jina lake lifaalo ni mchochota. Wako waiitao uvimbe, lakini mgonjwa akiambiwa kwamba ana uvimbe katika ubongo ataelewa jambo jingine kabisa, na usiku huo hatalala.

Hapo ndipo dawa za miti zinapoingia. Manjano ina kurkumini, ambayo ndiyo iipayo rangi. Katika maabara, maikroglia za panya huwekwa katika sahani na kuchokozwa kwa kipande cha ganda la bakteria. Zikiwa zimetiwa kurkumini, hutoa saitokini kidogo kuliko zile zisizotiwa. Sababu moja ni kwamba kurkumini huizuia protini iitwayo NF-kappa B isiingie katika kiini cha chembe, ambamo kazi yake ni kuwasha jeni za mchochota. Mlonge nao una aisothayosayaneti, zinazotokea majani au mbegu zake zinapopondwa, nazo zimechunguzwa kwa njia iyo hiyo. Kwa hiyo kilichoonekana katika sahani si kuongezeka kwa kinga bali kupungua kwa ukali wake. Muuzaji na mchunguzi wanautaja mmea mmoja, nao wanasema maneno yanayopingana.

Tena sahani si mtu. Kurkumini huyeyuka kwa shida, na ini huibadilisha upesi, hata ikafika kidogo sana katika damu na kidogo zaidi katika ubongo. Uchunguzi uliofanywa Uhindi mwaka 1998 ulionyesha kwamba piperini ya pilipili manga huongeza kiasi kifikacho katika damu kwa mara 20 (wapishi wa Pwani wameviweka viungo hivyo viwili katika sufuria moja bila kungoja ruhusa ya maabara). Ila kidogo kikizidishwa mara 20 chaweza kubaki kidogo. Huko Hong Kong wagonjwa 34 wa Alzheimer walijaribiwa kwa miezi 6, na matokeo yakatolewa mwaka 2008: waliomeza kurkumini hawakuwa na nafuu kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Manjano haipendi ukame wa Singida, nayo hutoka kwenye nchi za mvua kama Unguja na Muheza. Mlonge huustahimili ukame, kwa hiyo u karibu na watu. Hospitali ya rufaa ya mkoa nayo iko Mandewa, na hatari kubwa ni kwa mgonjwa aliye kati ya viwili hivyo. Mwenye kifafa akisadiki kwamba unga waongeza kinga ya ubongo wake, aweza kuviacha vidonge vya finobabitoni. Na kuviacha kwa ghafula kwaweza kuleta degedege lisilokoma, hata kifo. Mwenye kumweleza hana haja ya kubuni msamiati mpya. Kitenzi kutuliza kipo, nacho hakichanganywi na kuponya: aliyetulizwa maumivu ya jino ajua kwamba jino bado ni bovu.