Mafunzo ya Usalama Yamfikie Anayeshika Gogo

Ukiingia mitaa ya viwanda vya mbao pale Mafinga, mkoani Iringa, mlio unaotangulia kukupokea ni wa msumeno wa duara unaopasua misindano. Mashine nyingi ni ndogo, zinaendeshwa kwa injini ya dizeli au mota, na watu wa huko wamezipa jina la ding dong. Zinahamishika: wiki hii ziko mjini, wiki ijayo zimefungwa katikati ya shamba la miti. Mmoja anasukuma gogo, mwenzake anapokea ubao upande wa pili, wengine wanabeba mabanzi na kuzoa maranda. Wengi ni vibarua wanaolipwa kwa siku au kwa idadi ya mbao, na baadhi yao wameanza kazi leo asubuhi.

Kibarua huyo wa leo asubuhi ndiye anayekosekana kwenye kozi nyingi za usalama kazini. Anayepelekwa kozini ni msimamizi, au ofisa utumishi, au mtoto wa mwenye kiwanda aliyemaliza chuo. Anarudi na cheti, cheti kinawekwa kwenye fremu, mkaguzi akija anaonyeshwa. Gogo linashikwa na mtu mwingine kabisa. Nimefanya kazi ya kufundisha usalama muda wa kutosha kusema bila kusita: kozi ipimwe kwa kile anachoweza kufanya mtu aliye karibu zaidi na meno ya msumeno. Na jambo la kwanza analopaswa kuweza ni kuizima mashine bila kumwomba mtu ruhusa.

Sheria ya Tanzania haina utata mkubwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya mwaka 1950 iliyorithiwa kutoka serikali ya kikoloni. Inamtaka mwajiri asajili eneo lake la kazi, aziwekee kinga sehemu za mashine zinazozunguka, apime afya za wafanyakazi, awe na wawakilishi wa usalama, na awape watu maelekezo na mafunzo yanayohusu kazi wanayoifanya. Msimamizi wa sheria hiyo ni OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. OSHA yenyewe huendesha kozi: ile ya taifa ya usalama na afya, ya huduma ya kwanza, ya kazi za kwenye kimo, ya wawakilishi wa usalama. Ni kozi nzuri. Lakini hakuna kozi ya darasani, hata iwe nzuri namna gani, inayoweza kumfundisha mtu tabia ya mashine asiyoiona.

Kwanza, tuchukue tabia moja tu ya msumeno wa duara. Mti una mkazo ndani yake, na miti inayovunwa ikiwa bado michanga hujipinda zaidi inapopasuliwa. Ubao ukishapita kwenye bleadi, mpasuko hujaribu kujifunga na kuibana bleadi kwa nyuma. Meno ya nyuma yanapanda kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo yakiukamata ubao yanaunyanyua na kuurusha mbele, moja kwa moja kwa anayesukuma. Hana nafasi ya kukwepa. Kinachozuia hilo ni kipande cha chuma mfano wa kisu kinachosimama nyuma ya bleadi, kinene kidogo kuliko bleadi na chembamba kuliko mpasuko, ili mpasuko usijifunge. Kibarua akionyeshwa kipande hicho mara moja, akaelezwa kazi yake, akajua kwamba kikiwa kimefunguliwa mashine haiwashwi, na akajua kutosimama kwenye mstari wa bleadi, amepata mafunzo yanayozidi saa nyingi za maelezo juu ya umuhimu wa usalama. Hilo linachukua dakika 10. Linafanyika mbele ya mashine, ikiwa imezimwa.

Pili ni umeme. Ukikatika katikati ya kazi, watu hukaa pembeni kupiga soga, na mara nyingi mmoja huona ni nafasi nzuri ya kuondoa maranda yaliyojazana chini ya bleadi. Umeme unarudi. Kama mashine ina swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima, nayo iliachwa kwenye kuwasha, bleadi inaanza kuzunguka yenyewe huku mkono wa mtu ukiwa chini. Zipo swichi zinazojizima umeme unapokatika na kukataa kuwaka mpaka mtu azibonyeze upya. Mashine isiyo na swichi hiyo, mwendeshaji afundishwe kuizima palepale taa zinapozimika, na anayeingiza mkono au chombo ndani aikate kwanza kwenye swichi kuu, aifunge kwa kufuli, na ufunguo akae nao mfukoni mwake mwenyewe. Ufunguo kwa msimamizi si kinga, kwa sababu msimamizi anaweza kufikiri kazi imekwisha.

Tatu ni mavazi, na hapa baridi ya Mufindi, wilaya ilipo Mafinga, ina sauti yake. Mwezi wa Juni na Julai hakuna anayekwenda kazini asubuhi bila koti zito na skafu shingoni. Skafu ile, au mkono mpana wa koti, ukigusa mkanda au shafti inayozunguka, unavutwa pamoja na aliyeuvaa. Kwenye mashine za kukoboa mpunga za Igurusi na Ubaruku, upande wa Mbeya, hatari ni ileile ila vazi ni kanga na kitenge, maana akina mama wanaochambua na kupepeta mara nyingi wanakaa hatua chache kutoka kwenye mikanda isiyo na kava. Na kuhusu glavu: watu wengi huamini glavu zinalinda kila mahali. Kubebea mabanzi, ndiyo. Karibu na bleadi au keekee inayozunguka, hapana, kwa sababu jino likiishika glavu linaubeba mkono wote. Mwalimu wa usalama anayegawa glavu kwa wote bila kueleza hili ameongeza hatari kiwandani.

Ajali hizi zinaonekana, na ndiyo sababu kozi nyingi huishia hapo. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, yaliyotolewa mwaka 2023 yanaonyesha picha nyingine: kati ya watu karibu milioni 3 wanaokufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kazi, wapatao 330,000 hufa kwa ajali. Wengine wote, kama milioni 2.6, huuawa na maradhi. Kiwandani maradhi hayo huja kimyakimya. Kelele ya desibeli 85 kwa zamu ya saa 8 ndiyo mpaka unaopendekezwa na wataalamu wengi, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama unapungua kwa nusu. Msumeno unaofika desibeli 100, na ipo mingi inayofika, unamaliza kipimo cha siku nzima kwa dakika 15. Kijana wa miaka 20 anayepasua mbao bila vizuia sauti hajisikii vibaya jioni. Ataanza kuwauliza watu mara mbili-mbili walichosema akifika 35. Vumbi la mbao nalo limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii chembe ndogo zinazofika mbali kwenye mapafu.

Kuna jambo jingine la Iringa ambalo ningependa kila kozi ilibebe hadi nyumbani kwa mfanyakazi. Nguzo za umeme zinazotoka kwenye misitu ya Sao Hill na mashamba ya jirani hutiwa dawa ili zisioze wala kuliwa na mchwa. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromu na aseniki, na rangi yake ya kijani inabaki kwenye mti. Ikiwa ndani ya nguzo iliyokauka vizuri, dawa imetulia. Ukikichoma kipande cha nguzo hiyo, aseniki inatoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu. Vipande vilivyokatwa mwishoni mwa nguzo vinaonekana kuni nzuri kavu, na mfanyakazi anaweza kuona ni hisani kuvichukua kwenda kupikia. Asipoambiwa, wanaoumia ni mkewe na watoto waliokaa jikoni, watu wasiojulikana kwenye daftari lolote la kiwanda. Haya hayamo kwenye kozi ya jumla. Anayeyajua ni mwalimu aliyefika kwenye yadi ya nguzo na kuuliza vipande vinakwenda wapi.

Sasa tuhamie kwenye matangi na mashimo. Mbeya ina viwanda vikubwa vya vinywaji, kikiwemo cha bia eneo la Iyunga kilichofunguliwa mwaka 2009, na Iringa ina kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilichoanza mwaka 1985. Uchachushaji hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, ambayo hukaa chini ya tangi. Kuchemsha vipande vya mbao kwa kemikali zenye salfa, kama inavyofanyika katika kutengeneza karatasi ngumu, huweza kutoa hewa yenye harufu ya mayai viza; na ikifika kiasi cha sehemu 100 hivi kwa milioni, pua inaacha kuinusa, kwa hiyo mtu hudhani imeondoka. Mwaka 1986 taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa tahadhari kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye sehemu za namna hii walikuwa wameingia kuokoa wenzao. Viwanda vikubwa vina taratibu za kibali na vipimo vya hewa. Wasiwasi wangu uko kwa yule anayesafisha shimo la maji taka, kisima au ghala la nafaka kwa malipo ya siku moja, akiwa na ndugu yake juu anayeshika kamba. Huyo ndugu ndiye anayehitaji mafunzo kuliko wote: afunzwe kutoingia, na kuwa na kamba ya kumvuta mwenzake kutoka nje. Ni jambo gumu kumfundisha mtu, kwa kuwa upendo wote unamsukuma aruke ndani. Haliwezi kufundishwa kwa maneno. Linafanyiwa mazoezi hadi mwili uzoee.

Mazoezi, basi. Mwaka 2006 Michael Burke na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 95 za mafunzo ya usalama kazini. Waliona kwamba kadiri mafunzo yanavyomshirikisha mfunzwa kwa vitendo na majadiliano, ndivyo anavyojifunza zaidi na ndivyo ajali zinavyopungua. Mihadhara na vijitabu vilikuwa mwisho. Kwa Mbeya na Iringa maana yake ni hii: slaidi za Kiingereza kwa watu wanaofanya kazi kwa Kiswahili, na wakati wa hatari wakaitana kwa Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena, ni fedha iliyopotea. Vivyo hivyo mashine yenye maandishi ya Kichina pekee kwenye vitufe. Kabla ya kozi yoyote, vitufe viandikwe WASHA na ZIMA kwa rangi.

Lakini nisieleweke vibaya: mafunzo hayachukui nafasi ya kava la mkanda. Utaratibu unaokubalika duniani huanza kwa kuiondoa hatari yenyewe, au kubadilisha kifaa au kemikali, kisha kuikinga mashine. Utaratibu wa kazi na mafunzo hufuata, na vifaa vya kuvaa huja mwisho. Mwajiri anayepeleka watu 20 kozini huku mikanda yake ikiwa wazi amelipia kozi ili lawama ihamie kwa wafanyakazi. Ajali ikitokea atasema, "Walifundishwa." Mkufunzi mwaminifu huanza kwa kuzunguka kiwandani, na akikuta mashine haina kinga hukataa kufundisha watu jinsi ya kuitumia.

Swali la kuizima mashine linarudi hapa. Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unamlinda mfanyakazi anayeondoka kwenye kazi akiwa na sababu za msingi kuamini kuna hatari ya karibu na kubwa. Kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Mwezi Juni 2022, ILO iliingiza mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi kazini. Kibarua anayelipwa kwa idadi ya mbao anajua vizuri kwamba kila dakika mashine ikisimama anapoteza yeye. Kwa hiyo tajiri anayetaka mafunzo yafanye kazi atamke mbele ya wote kwamba muda wa kusimama kwa ajili ya usalama unalipwa, na aulipe. Asipofanya hivyo, mafunzo yanashindana na njaa.

Kwa wenye viwanda vidogo wanaolalamikia gharama, najua ugumu wao ni wa kweli. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, huchangiwa na mwajiri peke yake, na kwa sasa ni asilimia 0.5 ya mishahara. Kiasi hicho hulipa fidia, hakirudishi vidole. Njia ninayoiona inawezekana ni majirani kuungana. Wenye mashine watano au sita wa mtaa mmoja wa Mafinga wanaweza kumleta mkufunzi mmoja kutoka OSHA, VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi), au kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kilichoanzishwa hapohapo Mafinga kwa msaada wa Finland. Afundishe siku moja kwa kuhama kutoka mashine hadi mashine, na kila kiwanda kibaki na mtu mmoja aliyefunzwa kumpokea kibarua mpya kila asubuhi: kumwonyesha swichi ya kuzimia, kisu cha nyuma ya bleadi, mahali pa kusimama na sanduku la huduma ya kwanza, kisha kumwambia azime mashine mwenyewe mara mbili kabla hajagusa gogo. Jina lake na tarehe viandikwe kwenye daftari, naye aweke sahihi au dole gumba. Mkaguzi akija, aonyeshwe daftari hilo kwanza, halafu amchague kibarua yeyote na kumwomba aizime mashine.