Tandiko Limfaalo Punda

"Fadhila za punda ni mateke." Ndivyo nilivyosema likizo iliyopita, punda wetu aliponipiga teke nikimtandika ili twende kuteka maji. Nilimchapa. Baba akaja, akaliondoa tandiko, akanionyesha kidonda juu ya uti wa mgongo. Niliona haya sana.

Baba alinieleza kwamba uti wa mgongo haufai kubeba kitu. Mzigo hukaa juu ya nyama za pande zake mbili. Kwa hiyo tandiko jema lina mito miwili, na katikati yake pana nafasi ya kupitisha vidole.

Ili kupata umbo la mgongo, pinda waya laini juu yake, nyuma kidogo ya mabega. Lichore umbo hilo kwenye karatasi ngumu, ulikate, kisha ulilinganishe na tandiko. Baada ya kazi tazama jasho: palipo pakavu katikati ya manyoya yaliyolowa huenda pamebanwa mno.

Tulimpumzisha punda mpaka akapona, tukashona mito mipya. Mateke yamekwisha. Basi, wasomaji wenzangu, kabla ya kumwita mnyama mkaidi, kwanza tazameni chini ya tandiko.