MSHIKA MBILI: MSHAURI WA SERA NA MAJI YA BUDALANG'I

Watu husema mshika mbili moja humponyoka. Msemo huu siku hizi hutupiwa wasomi wetu, wale ambao asubuhi hufundisha chuo kikuu na jioni huandika ripoti za ushauri kwa wizara, kwa serikali ya kaunti au kwa shirika la kigeni. Kazi hiyo ya jioni huitwa ushauri wa sera. Mtu hupewa mkataba wa siku chache, akatakiwa achunguze jambo la umma, kama vile shule, hospitali, bandari au mto, kisha aieleze serikali ifanye nini. Siku za mkataba zikiisha hulipwa haki yake, akarudi kwenye kazi yake ya kudumu.

Je, ni kweli kwamba moja humponyoka? Na ikimponyoka, ni nani anayeumia? Swali hili likijadiliwa Nairobi katika ukumbi wa hoteli huwa jepesi. Na tulipeleke basi mahali ambapo ushauri, uwe mwema au mbovu, hupimwa kwa kina cha maji yaliyoingia nyumbani mwa mtu. Mahali hapo ni Budalang'i.

Budalang'i iko katika pembe ya magharibi ya Kenya, kwenye Kaunti ya Busia, kusini ya miji ya mpakani ya Busia na Malaba ambako malori yaliyopakia Mombasa hupanga foleni kuingia Uganda. Wenyeji wake wengi ni Wanyala, wakulima na wavuvi, na mji wao ulio ufuoni mwa Ziwa Victoria ni Port Victoria. Mto wao ni Nzoia. Mto huu huanzia kwenye Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, ukapita karibu na Mumias, mji ambao watu wa mwambao hawakuujua kwa sukari tu. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili ilifika kwa Nabongo Mumia katika karne ya 19, na Uislamu ukaota mizizi huko hata leo. Kutoka Mumias mto hushuka kuelekea tambarare ya Budalang'i, na hapo ndipo humwaga ziwani kila ulichokusanya njiani.

MATUTA NA MAKARATASI

Mvua ikinyesha kwa wingi huko juu, Budalang'i hufurika hata kama kwao hapakudondoka tone. Ili kuyazuia maji, serikali ilijenga matuta marefu ya udongo kila upande wa mto katika miaka ya 1970 na 1980. Matuta hayo yalisaidia, lakini hayakumaliza kazi. Yalipasuka na watu wakahama mwaka 2003, wakahama tena 2007, 2008 na 2011. Kisha mvua za 2019 na 2020 zikaja pamoja na kupanda kwa ziwa lenyewe, ambalo mwezi Mei 2020 lilifikia kimo kilichoipita hata rekodi ya 1964.

Kwa nini tuta lipasuke? Nzoia huleta udongo mwingi kutoka mashamba ya mahindi na miwa ya juu. Udongo huo hutulia chini, sakafu ya mto ikapanda, na tuta lililokuwa refu likawa fupi bila ya mtu kulipunguza. Ng'ombe hulikanyaga wakienda kunywa maji, wanyama wa mashimo hulitoboa, na mkulima mwenye shida ya maji wakati wa kiangazi hulichimba kidogo apate mfereji. Likishapasuka, hugeuka adui: maji yaliyoingia mashambani huzuiwa na tuta lile lile yasirudi mtoni, yakakaa hapo majuma mazima yakiozesha mtama na kuchafua visima.

Ripoti hazikukosekana. Mwaka 2007 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa mradi mkubwa wa kuendeleza jamii na kupunguza mafuriko magharibi mwa Kenya, na Budalang'i ilikuwa mojawapo ya sababu zake. Miradi ya namna hii haianzi bila ya washauri. Yuko wa kupima mto, yuko wa kuhesabu gharama, yuko wa kuchunguza mazingira, na yuko wa kuandika sera yenyewe. Wengi wao ni watu wenye kazi nyingine.

Hapa ndipo tatizo la mshauri wa muda linapojitokeza, nalo si uvivu wala ujinga. Mshauri hujibu swali aliloulizwa. Akiulizwa tuta liwe na kimo gani, atajibu kimo, na huenda jibu lake likawa sahihi kabisa. Lakini tuta litatunzwa na nani mkandarasi akishaondoka? Mvuvi atapitia wapi na mtumbwi wake? Mkulima wa mlimani, ambaye udongo wake ndio unaoujaza mto, ana faida gani ya kuuzuia usiporomoke? Na ziwa je, ambalo lango la maji yake liko Jinja, Uganda, kwenye bwawa lililofunguliwa mwaka 1954? Maswali hayo yamevuka mipaka ya ofisi moja, mengine yamevuka hata mpaka wa nchi. Yasipoandikwa katika mkataba, mshauri hana siku za kuyafuata, wala hapana atakayemlipa kwa kuyafuata.

Watu wa mwambao wasidhani haya ni ya Nzoia peke yake. Mradi wa umwagiliaji wa Bura, kwenye Mto Tana, ulipangwa katika miaka ya 1970 na wataalamu wenye sifa, ukakusudiwa kulimwa zaidi ya hekta 6,000. Gharama zikapanda kupita kiasi, na eneo lililolimwa halikufika nusu ya lililokusudiwa. Wapangaji walikwenda zao. Walioletwa kulima ndio waliobaki na mifereji.

MLANGO ULIFUNGULIWAJE

Mtindo wa kushika kazi mbili una historia yake. Tanzania, kwa Azimio la Arusha la 1967, ilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili. Kenya ilikwenda njia nyingine. Tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa, katika ripoti yake ya 1971, iliwaruhusu watumishi wa serikali kuwa na biashara zao. Tangu hapo mtumishi mwenye shughuli ya pili hakuwa kioja tena.

Wahadhiri nao waliingia kwa mlango wa dhiki. Katika miaka ya 1980 na 1990 thamani ya mishahara ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ilianguka, vitabu vikapungua maktabani, na fedha za utafiti zikawa hadithi. Wakati huo huo wafadhili walitaka ripoti nyingi na kwa haraka. Njaa ya mmoja ikakutana na haja ya mwingine. Profesa Mahmood Mamdani, aliyeshika uongozi wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2010, aliulaumu sana mtindo huo. Hoja yake ni kwamba mtafiti kazi yake ni kutunga swali, hali mshauri hutafuta jibu la swali lililotungwa na mteja. Chuo kikigeuka nyumba ya washauri, hata uwezo wa kuuliza hupotea.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haielezi upande wote.

MWENYE MKATE WAKE

Mtazame mshauri ambaye hana kazi nyingine. Karo ya watoto wake, kodi ya nyumba yake na chakula chake vyote hutoka kwenye mkataba ujao. Mtu huyo atawezaje kumwambia anayemlipa kwamba mradi wake hauna maana? Akisema hivyo leo, kesho hataitwa. Mhadhiri mwenye mshahara wake, hata uwe mdogo, anaweza kusema, kwa kuwa chakula cha nyumbani hakitegemei ripoti hiyo. Kushika mbili, basi, kunaweza kuwa ndiko kunakomwachia mtu ulimi wake. Kinachotakiwa ni kwamba autumie.

Sisi wa mwambao tunaye mfano wetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, naye alikuwa kadhi, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu. Hakuitwa mshauri wa sera. Jina hilo halikuwapo. Lakini katika magazeti yale aliwashauri watu juu ya shule, mila, biashara na utawala, na aliyafanya hayo pembeni ya kazi yake ya dini na hukumu. Ushauri wake ulikuwa kwa Kiswahili, ulitolewa hadharani, na aliyekuwa na neno la kujibu aliweza kujibu. Tofauti kubwa na leo ni hiyo. Ripoti ya leo huandikwa kwa Kiingereza, ikapigwa muhuri, ikafungiwa kabatini, na mtu aliyeandikiwa habari zake hapati hata kuiona jalada.

Sheria zetu zimeliona jambo hili kwa kiasi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 77, inamkataza afisa wa dola wa kazi ya kudumu kushika kazi nyingine ya malipo. Mhadhiri hakuingizwa katika kundi hilo, kwa hiyo kwake mlango uko wazi maadamu masilahi yake hayagongani. Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 10, imeweka ushirikishwaji wa wananchi kuwa nguzo ya utawala, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2016 ikatungwa sheria kamili ya haki hiyo. Ripoti iliyolipiwa kwa fedha ya umma, basi, si mali ya kabati. Mkulima wa Bunyala anaweza kuidai kwa barua.

AMANA

Katika mafundisho ya dini yetu, anayetakwa shauri amebebeshwa amana, na Sura nzima ya Kurani imepewa jina la Shura. Shura haikuwekwa kwa ajili ya wenye shahada peke yao. Wanaoguswa na jambo wana haki ya kusikilizwa kabla halijakatwa. Tukiipima kazi ya mshauri wa muda kwa kipimo hicho, kosa halipo katika kuwa na kazi mbili, wala katika kulipwa. Kulipwa ni halali, kama fundi anavyolipwa. Kosa ni kumdhania anayelipa kuwa ndiye mwenye amana peke yake. Aliyeko nyuma ya tuta hakutia saini mkataba wowote, na ushauri ukiharibika yeye ndiye atakayelala juu ya tuta na watoto na mbuzi wake, akingoja maji yapungue.

Kwa mintarafu hiyo, mshauri wa muda anayetaka kuihifadhi amana hana budi kutimiza mambo machache, na yote yamo katika uwezo wake kabla hajatia saini. Aseme wazi ana siku ngapi, na siku hizo zikiwa hazitoshi, akatae kazi au apunguze swali. Aombe haki ya kuandika alichokiona hata kama hakuulizwa, japo iwe kurasa mbili za mwisho. Atake kifungu cha kurudi baada ya masika moja, aone kama alichoshauri kimesimama. Na muhtasari wa ripoti yake usomwe barazani kwa lugha ya wenyeji. Budalang'i si mahali pa watu wasiojua mto wao: wazee huko hukumbuka njia ambazo Nzoia ulipita kabla ya matuta, na maji yakiasi hupenda kurudi kwenye njia zile zile.

Nasi tunaoshauriwa tusijivue jukumu. Wataalamu watafika Lamu, Garsen na Kilifi kwa ajili ya bandari, mikoko na mto, nao watakuwa na haraka. Tuwakaribishe kwa heshima kama ilivyo desturi yetu, kisha tuwaulize: nani amewalipa, mtawasikiliza akina nani, na hiyo ripoti tutaisomea wapi? Mtaalamu mwenye majibu hatachukizwa na maswali hayo. Asiye na majibu ni heri ajulikane mapema, masika hayajaingia.