JE, WAJUA? Taazia iliyoandikwa na marehemu

Nyota wa filamu Elizabeth Taylor alifariki dunia Machi 23, 2011. Taazia yake ndefu katika The New York Times ilibeba jina la mwandishi Mel Gussow. Gussow mwenyewe alikuwa amekufa tangu 2005!

Magazeti makubwa huandika taazia za watu mashuhuri wangali hai, kisha huziweka akiba. Siku ikifika, mhariri huongeza tarehe, mahali na sababu ya kifo. Mwandishi Vincent Canby wa The New York Times aliandika ya mchekeshaji Bob Hope. Canby akafa 2000. Hope akaishi hadi 2003, akiwa na umri wa miaka 100.

Agosti 6, 1975, gazeti hilohilo liliweka katika ukurasa wa kwanza taazia ya mpelelezi Hercule Poirot, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Ni mhusika wa riwaya za Agatha Christie.

Marcus Garvey, mtetezi wa haki za watu weusi, alipata la kuumiza zaidi. Mwaka 1940, akiugua kiharusi jijini London, alisoma magazetini habari za kifo chake, nyingine zikimsema vibaya. Juni 10 mwaka huohuo alifariki kweli.

Wengine walinyimwa taazia kabisa, na wanawake ndio walioachwa zaidi. Ida B. Wells, mwandishi mweusi aliyefichua mauaji yaliyofanywa na makundi ya wazungu dhidi ya Wamarekani weusi, alikufa 1931. The New York Times lilimwandikia taazia Machi 2018, miaka 87 baadaye.