Reli za Upana Mmoja

Ukitoka Moshi mjini ukashuka kusini mashariki, baridi ya mlima unaiacha nyuma upesi. Joto linapanda, ardhi inalala bapa, na mbele yako ni tambarare ya Kahe: mahindi na mpunga vinavyonyweshwa kwa mifereji, vumbi, na stesheni ya reli. Stesheni hiyo ina historia kubwa kuliko umbo lake. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Miaka mitano baadaye Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa hapahapa (mapigano ya Kahe ni ya Machi 1916), na Waingereza walikuja wakitandika reli yao kutoka Voi, wakapita Taveta, wakaiunganisha na ile ya adui zao. Waliotandika reli hizo mbili hawakuwahi kukaa meza moja. Hata hivyo mabehewa yalipita kutoka huku kwenda kule, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zimetumia upana uleule wa mita moja.

Kitabu cha kiada nacho kina upana wake, na hupimwa kwa ruhusa. Kitabu cha kawaida, hata ukikinunua kwa fedha yako, unaweza kukisoma na kumwazima rafiki, basi. Kukirudufu kwa darasa zima, kufuta mfano wa sura ya tatu ukaweka wako, kukitafsiri na kuigawa tafsiri hiyo, yote hayo ni ya mwenye haki. Kitabu huria ni kile ambacho mwenye haki amekwisha kuzitoa ruhusa hizo mapema, kwa maandishi, kwa yeyote yule. Nimefundishia kitabu cha namna hiyo, na nasema tangu mwanzo kwamba bei ya sifuri ndiyo iliyonivuta, ila kilicholibadilisha darasa ni ruhusa.

Moshi ni mji wa vyuo. Chuo cha Ushirika kilianza mwaka 1963 na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Mweka, walikosomea wahifadhi wa wanyamapori wa nusu ya Afrika, nacho ni cha 1963. Kuna chuo cha udaktari pale hospitali ya KCMC, kuna na chuo kikuu cha Mwenge. Kote huko takwimu ni somo la lazima: mwanaushirika anapima mavuno, daktari anapima dawa, mhifadhi anahesabu tembo. Na kote huko utakutana na hali ambayo mhadhiri yeyote wa nchi hii anaijua: nakala chache maktabani zisizoruhusiwa kutoka, na wanafunzi mamia wanaoishi kwa vitini.

Muhula mmoja mwanafunzi wangu anayetoka Kahe, anayeamka alfajiri kuwahi gari la kupanda mjini, aliniletea swali alilokosa kwenye jaribio. Alikuwa amesoma kweli. Akanionyesha alikosoma: karatasi kumi na saba zilizobanwa kwa pini, kopi ya kopi ya kopi, hazina jalada wala jina la mwandishi, na ya kwanza inaanzia katikati ya sentensi. Wino ulikuwa umefifia kiasi kwamba alama za kutoa zimetoweka. Ile −1.96 na ile 1.96 zilikuwa namba moja. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa kwa karatasi aliyokuwa nayo mkononi.

Jioni ile ndipo nilipoanza kutafuta kitabu ambacho ningeweza kukitoa kopi safi, kutoka chanzo chake, bila kumwibia mtu.

Nilichokichagua kinaitwa Introductory Statistics. Kiliandikwa na Barbara Illowsky na Susan Dean, walimu wa chuo cha De Anza, California, na kikatolewa mwaka 2013 na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Houston. Kina sura kumi na tatu, kuanzia sampuli mpaka uchanganuzi wa tofauti za makundi mengi, mpangilio unaofanana sana na mitalaa yetu. Unakipakua bure. Leseni yake ni ya Creative Commons ya aina iliyo pana kuliko karibu zote: nakili, badilisha, gawa, hata uza, mradi umtaje mwandishi na useme ulichobadilisha.

Sasa hilo neno bure. Kitabu kizima kina kurasa zaidi ya 800. Steshenari wakitoza shilingi 50 kwa ukurasa, hiyo ni zaidi ya shilingi 40,000, na kwa mzazi anayeuza mahindi hizo si fedha za kupuuza. Kukisoma kwenye simu kunataka bando, na majedwali mapana kwenye kioo kidogo yanaumiza macho. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kukata. Nilichukua sura saba ambazo muhula wetu unazifikia kweli, nikaondoa kurasa za mazoezi ya ziada, nikaliweka faili kwenye flashi ya steshenari ya karibu na chuo. Waliotaka karatasi walilipia karatasi. Wenye simu walirushiana faili wenyewe kwa wenyewe bila kutumia hata senti ya bando.

Wiki ya pili tulikwama, na tulikwamia kwenye kikokotoo.

Mwalimu wa California anaposema "tafuta mkengeuko sanifu", anaendelea kukuonyesha vitufe vya kubonyeza kwenye TI-83 au TI-84, mashine ambazo wanafunzi wa kule hununua tangu sekondari. Darasa langu lina Casio, zile fx-991 zilizowavusha kidato cha nne na cha sita. Kitabu kinasema soma Sx. Kwenye Casio ya zamani hakuna Sx. Tuseme tumepima magunia matano ya mahindi sokoni, yale yanayoitwa ya kilo mia lakini yamejazwa lumbesa mpaka yakaota kichuguu: kilo 104, 118, 121, 109, 133. Wastani ni 117. Unaingiza kila namba na kubonyeza M+, kisha SHIFT, kisha 2, na kioo kinakuletea σ mbili. Moja ina n, inakupa 10.1. Nyingine ina n−1, inakupa 11.2. Ipi ndiyo Sx ya kitabu?

Ni ya pili, na sababu yake ndiyo moyo wa somo zima. Magunia matano si magunia yote ya soko. Wastani wa 117 tumeupata kwenye magunia hayohayo matano, kwa hiyo lazima yawe karibu nao kuliko yalivyo karibu na wastani wa kweli wa soko zima, ambao hatuujui. Ukigawanya kwa tano utaupunja mtawanyiko. Ukigawanya kwa nne unafidia punjo hilo. Nimewahi kulieleza jambo hili kwa miaka kadhaa kwa mifano ya kitabuni na nikaona macho yakizunguka dari. Kwa lumbesa lilieleweka siku ileile, maana kupunjwa kwenye kipimo ni kitu ambacho mtoto wa mkulima hahitaji kuelezwa. Wakala wa Vipimo wamepiga kelele juu ya lumbesa miaka mingi. Darasani kwangu iligeuka somo la tofauti kati ya kosa linaloyumba huku na huku na kosa linaloegemea upande mmoja tu, upande wa mnunuzi.

Nikafuta ukurasa wa TI nikaandika wa Casio. Haikunichukua hata saa nzima, na sikuomba ruhusa kwa mtu.

Jambo la pili liliniuma zaidi. Katika toleo lile la 2013, mwisho wa kitabu, mahali unapotegemea kukuta jedwali la mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, unakuta anwani ya tovuti ya serikali ya Marekani. Kwa msomaji mwenye intaneti siku nzima na kikokotoo kinachotoa eneo chini ya mkunjo chenyewe, anwani inatosha. Kwa mwanafunzi mwenye karatasi, usiku, umeme umekatika, anwani ile ni mlango uliochorwa ukutani. Tena mitihani yetu bado inafanywa kwa majedwali. Kitabu kingine huria, OpenIntro Statistics cha David Diez, Mine Çetinkaya-Rundel na Christopher Barr, kilichotoka kwanza mwaka 2011, kina majedwali hayo nyuma. Wazo la kwanza lilikuwa kukata huku na kubandika kule.

Hapo ndipo inabidi kuinama na kupima upana wa reli. Leseni ya OpenIntro inaongeza sharti: ukibadilisha kazi hii, utoe yako kwa leseni hiihii. Cha California hakina sharti hilo. Kuvichanganya vitabu hivi viwili kunakubalika, ila kitabu kitakachozaliwa lazima chote kibebe sharti la OpenIntro. Kuna leseni nyingine zinazokataza biashara, na nyingine zinazokataza kubadilisha. Hii ya mwisho, kwa mwalimu wa Moshi, ni behewa lisiloingia stesheni: bure kulitazama, huwezi kulihamisha. Mimi nilikwepa njia panda yote. Namba za jedwali la kengele si mali ya mtu, ni hesabu, kwa hiyo nilizikokotoa upya kwa R, programu huria iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, nikazipanga kwa herufi kubwa.

Niliulizwa kama mwenye steshenari, kwa kuwa anatoza, havunji leseni. Kwa kitabu cha OpenStax swali hilo halipo, kwa kuwa kuuza kumeruhusiwa. Kwa zile zinazokataza biashara liliwahi kufika mahakamani: mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani, huko New York, iliamua kwamba duka la kopi la FedEx halikukosea kutoza shule kwa kurudufu vitabu vya leseni hiyo, kwa sababu duka lilikuwa mkono tu wa shule. Sheria ya huko haitufungi huku, lakini hoja yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kupanga foleni steshenari.

Hatukuwa wa kwanza Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Maseno, kule karibu na Kisumu, kilitumia CAST, kitabu cha takwimu cha kompyuta kilichotungwa na Doug Stirling wa Chuo Kikuu cha Massey, New Zealand, chenye michoro unayoisogeza kwa mkono na kinachofanya kazi bila intaneti. Watu wa Maseno, akiwemo David Stern aliyefundisha pale, hawakuishia kutumia. Kupitia African Maths Initiative walichangisha fedha mwaka 2015 kutengeneza R-Instat, programu inayompa mwanafunzi nguvu za R kwa menyu za kubonyeza, ikiwa na sehemu maalumu ya takwimu za hali ya hewa. Imani yangu ni kwamba hatua kubwa katika habari hii yote ni hiyo, ya kuacha kuwa mpokeaji.

Je, wanafunzi wanafaulu zaidi? Mwaka 2018 utafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, uliohusisha wanafunzi 21,822, ulionyesha alama zilipanda baada ya vitabu huria kuingia. Ila unalinganisha kabla na baada, na katikati mengi hubadilika: mwalimu, mtihani, ari ya mwalimu aliyekwisha kulipenda wazo. Mwaka uliofuata Virginia Clinton na Shafiq Khan waliziweka pamoja tafiti 22, na hawakuona tofauti katika ujifunzaji, ila wanaoacha somo katikati walipungua. Nawapa wanafunzi wangu tafiti zote mbili wazipekue. Mhadhiri wa takwimu anayejisifia kitabu chake bila kundi la kulinganisha amesahau anachofundisha. Nami sina kundi hilo.

Nilicho nacho ni sura ya pili mpya. Inafungua na mvua ya Kilimanjaro. Miteremko ya kusini, juu kidogo ya mita 2,000, hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Tambarare za chini hupata mia kadhaa tu. Ukichanganya vituo vya huko juu msituni na vya tambarare ukatoa wastani, unapata mvua isiyonyesha msituni wala Kahe. Wanafunzi wachore mchoro, waone vilima viwili vyenye bonde katikati. Kisha waulizwe kwa nini mkulima wa Kahe ajali mvua ya msituni asikokaa, na wale wa tambarare hujibu kabla ya wengine: chemchemi ya Miwaleni na mito inayolisha mifereji yao inatoka huko juu.

Leseni inadai niseme nilichobadilisha. Ukurasa wa pili wa kitini chetu una majina ya waandishi wawili wa De Anza, jina la Chuo Kikuu cha Rice, leseni na anwani yake, kisha orodha: dola zimekuwa shilingi, inchi zimekuwa sentimita, mfano wa muda wa mbio za pikipiki umeondolewa, magunia ya mahindi yameingia, maelekezo ya TI yameandikwa upya kwa Casio, jedwali la mgawanyo wa kawaida limeongezwa, na alama zote za kutoa zimekolezwa wino, zisifutike kwenye kopi.