Kichocheo Ndani ya Bomba la Moshi

Katika barabara ya Morogoro, pale Maili Moja, Kibaha, hupita malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia, Rwanda, Burundi na Kongo. Foleni inapokaza, moshi wa dizeli huwafikia wauza matunda na wanafunzi waendao shule. Mwaka 2012 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliutangaza moshi huo kuwa chanzo cha saratani ya mapafu.

Masizi huonekana, oksaidi za naitrojeni hazionekani, nazo huwasha mapafu vilevile. Hizi huzaliwa ndani ya silinda, joto lipitapo nyuzi 1,500 hivi za Sentigredi, naitrojeni na oksijeni za hewa zikaungana. Katika gari la petroli kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuisha, huifanya kabonimonoksaidi izinyang'anye oksaidi hizo oksijeni yake. Katika dizeli hila hiyo haifai: moshi una oksijeni tele iliyosalia, nayo huiwahi kabonimonoksaidi. Ndiyo sababu malori mengi ya kisasa hubeba tangi dogo la maji yenye yurea, ileile ya mashambani ila iliyosafishwa zaidi. Ikinyunyizwa katika moshi wa moto hutoa amonia, na juu ya kichocheo mambo huwa hivi:

4NO + 4NH₃ + O₂ → 4N₂ + 6H₂O

Matatizo huanza kwenye foleni. Chini ya nyuzi 200 hivi yurea haivunjiki sawasawa, bali huganda bombani. Na moshi wa lori linalosogea hatua kwa hatua hupoa. Basi kichocheo hulala mahali hasa penye watu wengi. Mtafiti wa uzamivu akaaye miaka mitatu minne maabarani Ulaya akitafuta kichocheo kinachoamka mapema, kama vile zeolaiti yenye shaba, anashughulikia tatizo la Maili Moja hata kama hajapata kulisikia jina hilo.

Salfa ya mafuta nayo hukifunika kichocheo. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kikomo cha sehemu 50 kwa milioni katika dizeli kuanzia mwaka 2015. Cha Ulaya ni 10.

Kichocheo chenyewe hupakwa juu ya kigae chenye vijitundu kama sega la nyuki, na hapa Kisarawe inahusika. Vilima vya Pugu, jirani na shule ya Minaki, vina kaolini nyeupe. Kaolini ikichanganywa na talki na alumina, ikachomwa kwa nyuzi 1,400 hivi, hutoa kordieriti, kigae kinachostahimili kupashwa na kupozwa ghafla. Lakini si kila kaolini hufaa: sodiamu na potasiamu zikizidi, kigae hutanuka mno na kupasuka. Uchunguzi wa namna hiyo wataka maabara. Wa chuma ni mwepesi zaidi: mwanafunzi achome kibonge cha udongo huo katika tanuri la mfinyanzi, akitazame kikishapoa. Kikiwa na wekundu, chuma kimo.