Msimu wa Mazembe: Hasira ya Mmoja, Uvumilivu wa Wengi

Hapa Songo, kama katika mitaa mingine ya Uvira, ni vigumu kumpata kijana asiyeupenda mpira. Masomo yakiisha, watoto hukusanyika mahali po pote palipo sawa, hata mchangani kando ya ziwa, na mpira wa matambara huwatosha. Wazazi wengine hunung'unika kwamba mchezo huo huwapotezea watoto wakati na kuwazoeza ugomvi. Wengine husema kwamba huwajenga mwili na kuwafundisha kusaidiana. Kila upande una haki kwa sehemu yake. Ili tupate kuamua vema, na tuutazame msimu mmoja wa timu moja ya nchi yetu, yaani mwaka 2010 wa T.P. Mazembe ya Lubumbashi.

Lubumbashi iko mbali nasi. Kutoka bandari yetu ya Kalundu hadi Kalemie ni safari ndefu ya majini, na kutoka Kalemie njia bado ni ndefu. Lakini timu hiyo si ngeni kwa jamaa za Kikristo. Ilianzishwa mwaka 1939, mji ule ulipokuwa ukiitwa bado Elisabethville, na watawa Wabenedikto walioiongoza shule ya Mtakatifu Bonifasi. Walitaka wanafunzi wasioelekea upadre wapate shughuli njema baada ya masomo. Waliipa jina la Mtakatifu Georgi, msimamizi wa maskauti. Na mwaka 1944 ikaitwa kwa jina la Mtakatifu Paulo, yule yule ambaye Kanisa Kuu letu la Uvira limewekwa chini ya ulinzi wake. Baadaye wamisionari waliiacha, nayo ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi.

Baada ya kuwa bingwa mwaka 1966 pasipo kushindwa, ilijipa sifa ya «Tout Puissant», ndiyo asili ya herufi T.P. Maana yake ni Mwenyezi. Sisi twajua jina hilo ni la Nani, na habari tunayoisimulia itaonyesha kwamba hakuna timu iwezayo yote. Walakini nguvu ilikuwa nayo kweli: mwaka 1967 na 1968 ilitwaa Kombe la Afrika la timu bingwa mara mbili mfululizo. Kisha ikangoja miaka 41 mpaka kulitwaa tena kombe hilo, mwaka 2009.

Bingwa wa Afrika huenda kushindana na mabingwa wa mabara mengine. Basi mnamo Desemba 2009 Mazembe walikwenda Abu Dhabi, katika nchi za Waarabu, na huko walipata aibu. Walifungwa 2-1 na Pohang Steelers ya Korea ya Kusini, tena wakafungwa 3-2 na Auckland City ya New Zealand, timu ya watu wasioishi kwa mshahara wa mpira. Walirudi nyumbani bila ushindi hata mmoja. Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tuone jinsi walivyolipokea somo hilo.

Mwanzo haukuwa mzuri. Mnamo Mei 2010 Mazembe walikuwa Kigali, mji usio mbali nasi, katika mashindano ya Kombe la Kagame. Nyota wao alikuwa Trésor Mputu, ambaye mwaka uliotangulia alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wale wanaocheza barani mwetu. Katika mchezo dhidi ya APR, yeye na mwenzake Guy Lusadisu walikasirishwa na uamuzi wa mwamuzi, wakamvamia mbele ya watu wote. Shirikisho la mpira la ulimwengu lilimwadhibu Mputu kutocheza popote kwa muda wa mwaka mzima. Hasira hasara: dakika chache za ghadhabu zilimnyima miezi 12 ya kazi yake, na katika miezi hiyo ndimo ulimokuwamo msimu mkubwa kupita yote ya timu yake.

Watu wengi wangaliweza kudhani kwamba Mazembe imekwisha. Tena katika michezo ya makundi ilifungwa 3-0 na Espérance huko Tunis. Lakini wachezaji waliobaki, wakiongozwa na mwalimu Lamine N'Diaye kutoka Senegal, hawakuvunjika moyo. Katika nusu ya mwisho waliishinda JS Kabylie ya Algeria 3-1 nyumbani, wakaenda kwao wakatoka 0-0. Tarehe 31 Oktoba, mjini Lubumbashi, walikutana tena na Espérance ile ile. Kabla ya nusu saa kutimia mlinzi mmoja wa Tunis alitolewa kwa kadi nyekundu, nao Mazembe wakapata mabao 5 kwa 0. Tarehe 13 Novemba walitoka 1-1 Tunis, na kombe likabaki Kongo. Angalieni, vijana: katika msimu huo mmoja hasira iliziadhibu pande zote mbili.

Mnamo Desemba walirudi Abu Dhabi, mahali pa aibu yao. Tarehe 10 Mbenza Bedi alifunga bao lililowashinda Pachuca wa Mexico. Tarehe 14 walisimama mbele ya Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Mlinda lango Robert Kidiaba, mtu wa miaka 34, alizuia hatari nyingi. Kabangu akafunga la kwanza, Kaluyituka la pili. Kidiaba alishangilia kwa desturi yake, akirukaruka huku ameketi chini, na ulimwengu ukacheka pamoja naye. Tangu mwaka 1960, timu bingwa zilipoanza kugombea ukuu wa ulimwengu, mchezo wa mwisho ulikuwa wa Ulaya na Amerika ya Kusini peke yao. Sasa kwa mara ya kwanza Mwafrika alikuwamo.

Tarehe 18 Inter ya Milano iliwashinda 3-0. Mabao mawili ya kwanza yaliingia kabla ya dakika 20, na la pili lilifungwa na Samuel Eto'o, mwana wa Kamerun. Kumbe Mwenyezi wa Lubumbashi hakuwa mwenyezi. Lakini hakuna aliyeona haya safari hii, kwa maana kuna kushindwa kwa uzembe na kuna kushindwa kwa heshima. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2013, Raja ya Casablanca nayo ilifika mchezo wa mwisho kwa njia iliyokwisha kufunguliwa.

Hatusemi kwamba Mputu angaliwapatia ushindi siku ile. Twasema tu kwamba hakupewa nafasi ya kujaribu, na aliyemnyima nafasi hiyo ni yeye mwenyewe. Wala tusimhukumu milele. Alitumikia adhabu yake mpaka mwisho, akavaa tena jezi ya Mazembe, na mashabiki wakampokea. Kosa liliadhibiwa, mtu akasamehewa: ndivyo inavyofaa kuwa hata katika nyumba zetu.

Basi, enyi wazazi, msiwakataze watoto mpira. Ulizeni tu wanachezaje. Je, kijana wako hukubali filimbi inapopigwa juu yake? Akifungwa, humpa mwenzake mkono, au huokota jiwe? Nanyi vijana wa Songo, kumbukeni kwamba mwamuzi wenu wa jioni si kabaila wa mbali. Ni jirani, ni kaka, pengine ni mwalimu wenu. Anaweza kukosea, kama ninyi mnavyokosea penalti. Lakini pasipo yeye hakuna mchezo, pana vita tu. Na vita vya kweli mkoa wetu umekwisha kuvionja mno. Mtume Paulo aliwafananisha Wakristo na washindanao kiwanjani, wajizuiao katika yote ili wapate taji. Anayejifunza kujizuia kwa ajili ya mpira wa matambara ataweza kesho kujizuia kwa ajili ya mke wake, jirani yake na nchi yake.